Mafuta ya mwilini yakipungua yanaenda wapi, na mti unakula nini?

Muulize mtu aliyepungua kilo 10 mafuta yake yameenda wapi. Atakwambia yametoka na jasho, mwingine chooni, mwingine ati yamegeuka nguvu yakaisha. Hapana jamani! Mwili ukichoma mafuta kwa oksijeni uliyovuta, nishati inatumika lakini vitu vyenyewe havipotei, vinageuka kabonidayoksaidi na maji, na kwenye hizo kilo 10 kama 8.4 zinatoka kwa pumzi na 1.6 zinakuwa maji. Yaani sehemu kubwa umeitoa puani bila kujua. (Usianze kuhema makusudi sasa, utapata kizunguzungu tu, maana kinachoamua ni kazi inayofanywa na seli.)

Ndo maana respiresheni sio kuvuta na kutoa hewa kama wengi tulivyokariri. Mapafu yanaleta oksijeni na kutoa uchafu basi, kazi kubwa iko ndani ya seli kwenye mitokondria (vijisehemu vidogo vya seli), huko ndo nishati ya chakula inatolewa kidogo kidogo na kuwekwa kwenye ATP, molekuli ya kubebea nishati ambayo seli inaitumia kukaza misuli, kujenga protini na mengine kibao. Na wanaosema ukilala hutumii nishati, je moyo nao umelala? Ubongo peke yake unakula kama asilimia 20 ya nishati hata ukiwa umetulia, na uzito wake ni asilimia 2 hivi ya mwili.

Mimea nayo inasingiziwa kwamba inapumua usiku tu. Inapumua saa 24, ila mchana usanisinuru (mmea kujitengenezea sukari kwa mwanga) unatoa oksijeni nyingi kuliko inayotumika kwahiyo hatustukii.

Halafu kuna hii ya mbolea kuwa chakula cha mmea. Mbolea inaupa mmea madini, haiupi nishati, sukari mmea unajitengenezea wenyewe kwa mwanga. Van Helmont, mwanasayansi wa karne ya 17, alipanda mche kwenye chungu akaumwagilia maji tu miaka 5, ukaongezeka zaidi ya kilo 70 huku udongo ukipungua gramu 60 hivi. Akasema basi mti wote umetokana na maji. Kumbe kaboni yake ilitoka hewani, kwenye kabonidayoksaidi, na kinachochekesha ni kwamba gesi hiyohiyo yeye mwenyewe ndo aliieleza alipochoma mkaa, ila hakuunganisha.