Mpokezi otomatiki wa simu si voisimeli

"Tuwekee voisimeli inayosema bonyeza 1 kwa mauzo, 2 kwa uhasibu." Mafundi wa simu za ofisi hupewa agizo la namna hii kila mara, na ndani yake kuna vitu viwili vilivyobandikwa jina moja. Mpokezi otomatiki ni programu inayopokea simu iliyoingia, inamsomea mpigaji maelezo yaliyorekodiwa, inasikiliza kitufe alichobonyeza, kisha inamhamishia anakotaka. Voisimeli humwambia mpigaji kwamba anayemtafuta hapatikani, halafu hurekodi maneno yake. Mmoja ni karani wa mapokezi, mwingine ni daftari lililoachwa mezani kwa asiyekuwepo.

Chanzo cha kuvichanganya kinaeleweka. Gordon Matthews aliomba hataza ya mfumo wake wa ujumbe wa sauti mwaka 1979, akapewa mwaka 1983, na baadaye ofisi nyingi zikafunga mashine za aina hiyo kwenye swichibodi zao, yaani mitambo inayogawa simu ndani ya ofisi. Mashine iliyokwisha kujua kupokea simu, kucheza rekodi na kutambua vitufe ilikuwa rahisi kuiongezea kazi ya mapokezi. Hadi leo mifumo mingi huuza huduma hizi mbili pamoja, pengine hata kwenye ukurasa mmoja wa mipangilio. Lakini kukaa nyumba moja hakuzifanyi kuwa kitu kimoja, na asiyezitenganisha huishia kurekodi sauti sahihi mahali pasipo sahihi.

Kosa linaloonekana zaidi ni hili: mtu anaingia kwenye kisanduku cha voisimeli cha namba kuu, anarekodi salamu nzuri yenye "kwa mauzo bonyeza 1", anahifadhi, anaondoka. Mpigaji akibonyeza 1 hakuna kinachotokea. Salamu inaendelea hadi mwisho, mlio unalia, na kisanduku kinaanza kurekodi mtu aliyenyamaza akisubiri kuhamishwa. Salamu ya kisanduku ni sauti tu; haina njia yoyote nyuma yake. Menyu hutengenezwa upande wa mpokezi, ambako kila kitufe hupewa mahali pa kwenda. Hata huko kuna mtego. Kwenye Asterisk, programu ya kuendeshea swichibodi, kwa mfano, amri ya Playback hucheza rekodi bila kusikiliza vitufe, ilhali Background hucheza huku ikisikiliza. Ukitumia ya kwanza, mteja anayeifahamu menyu yako atabonyeza mapema na kitufe chake kitapotea.

Kosa la pili ni gumu kuligundua. Mpokezi anahamisha simu kwenda namba ya ndani 605, inaita bila kupokelewa, swichibodi inaipeleka voisimeli, na mpigaji anasikia tena "Karibu, kwa mauzo bonyeza 1". Wengi hulaumu rekodi. Tatizo ni kwamba simu imefika voisimeli bila kueleza ilikuwa inamtafuta nani. Swichibodi lazima ikabidhi simu pamoja na namba iliyokuwa ikiitwa: kwenye mifumo ya zamani hufanya hivyo kwa milio ya vitufe au kwa waya wa data wa pembeni, na kwenye SIP, utaratibu wa kuunganisha simu za intaneti, kwa kichwa cha Diversion au History-Info, yaani mstari wa maelezo unaosafiri na simu. Taarifa hiyo ikikosekana, mashine huichukua kama simu mpya na kuirudisha kwenye menyu kuu. Mpigaji huzunguka hivyo mpaka achoke. Kurekodi upya salamu hakutibu chochote hapa. Angalia kwanza namba ipi inafika.

Ukishavitenganisha, kupanga kunakuwa kazi ya kawaida. Anza na namba. Kama namba za ndani ni 101 hadi 130 na mauzo ni kitufe 1, mfumo ukisikia 1 haujui kama mpigaji amemaliza au anaelekea 112, kwa hiyo hungoja sekunde kadhaa, na mteja anadhani simu imekufa. Tumia vitufe 1 hadi 4 kwa menyu na uanzishe namba za ndani kwa 6. Acha 0 iende kwa binadamu.

Rekodi iwe fupi, na jina la idara litangulie kitufe: "Kwa uhasibu, bonyeza 2." Msikilizaji husubiri kusikia jina la anachokitaka ndipo ategee namba, ukimpa namba kwanza, huwa ameshaisahau idara inapotajwa. Machaguo manne yanatosha. Faili ihifadhiwe kama WAV ya mono, biti 16, sampuli 8000 kwa sekunde, maana faili yenye ubora wa muziki ama itakataliwa au itasikika vibaya baada ya kubanwa. Tengeneza rekodi ya saa za kazi na nyingine ya baada ya saa za kazi, na ratiba iwe ya mpokezi, siyo ya kisanduku. Hakikisha pia saa ya mfumo ni sahihi, la sivyo ofisi itatangazwa imefungwa mchana kweupe.

Asiyebonyeza kitu arudiwe menyu mara moja, kisha aende kwa mtu au kwenye kisanduku cha jumla. Usimkatie simu. Na kisanduku cha jumla kiwe na mwenyewe: kipangie kutuma rekodi kwa barua pepe ambayo mtu anaifungua kila siku, kwa sababu ujumbe usio na msikilizaji ni mbaya kuliko simu isiyopokelewa. Namba ya ndani iite kama sekunde 20 ndipo iende voisimeli. Kama inaelekezwa kwenye simu ya mkononi, muda huo uwe mfupi kuliko ule wa voisimeli ya mtandao wa simu, ama sivyo ujumbe wa ofisi utalala kwenye simu ya mtu binafsi.

Vitufe visiposikika kabisa, chunguza milio. Kila kitufe hutoa masafa mawili kwa pamoja. 5, kwa mfano, ni 770 na 1336 Hz. Kodeki (mbinu ya kubana sauti) kama G.729 imeundwa kwa sauti ya mtu na huiharibu milio hiyo. Kwenye simu za intaneti, weka vitufe visafiri kama matukio ya RFC 4733, yaani taarifa za data badala ya milio, na pande zote mbili zikubaliane. Upande mmoja ukituma kwa njia zote mbili, milio na matukio, namba hujirudia: 605 inafika kama 660055.

Kwenye laini za analogi kuna dalili nyingine: ujumbe wa dakika tatu wenye mlio mtupu. Mpigaji alikwisha kukata, ila mashine haikuarifiwa, nayo ikaendelea kurekodi huku imeshikilia laini. Ifundishe mlio wa kukatika wa laini zenu, na uwekee ujumbe kikomo cha dakika mbili.

Kwa hiyo ukimwendea fundi, mtajie vitu hivi kimoja kimoja: nani apokee simu, menyu iwe na nini, na asipopatikana mtu ujumbe uingie kisanduku cha nani. Ofisi ya watu wawili wanaofanya kazi ileile haina wa kumhamishia mteja, na haihitaji mpokezi otomatiki. Inachohitaji ni voisimeli yenye salamu nzuri. Hapo ukisema "tuwekee voisimeli" utakuwa umesema sawasawa.