Ukishanunua mtungi kwa bei kamili, ruzuku imekupita

Juzi kaja tena mama mmoja wa Isevya na risiti ya mtungi wa gesi, kanunua bei kamili, kaifunga vizuri kwenye pindo la kanga, ananiambia "mwanangu, nasikia serikali inarudisha nusu, nijazie fomu." Fomu hiyo haipo jamani. Mimi nauza na kufunga majiko ya gesi, ya umeme na sola hapa Tabora mjini, na hili swali nimelijibu mpaka sauti imekauka, kwa hiyo naliandika.

Ruzuku ya mtungi haipiti mkononi kwako. REA, yaani Wakala wa Nishati Vijijini, inaingia mkataba na kampuni ya gesi, kampuni inaleta mitungi wilayani, wewe unaenda na kitambulisho cha NIDA unalipa nusu, ile nusu nyingine kampuni inalipwa na REA. Basi. Ukishanunua dukani kwa bei ya kawaida hiyo biashara imeisha, hakuna mtu anayekudaia kitu serikalini. Na mitungi yenyewe ina idadi, mgao wa 2024/2025 ulikuwa ile ya kilo 6 na kichomeo chake, mitungi 3,255 kila wilaya, iwe Uyui iwe Nzega iwe Kaliua, ikiisha imeisha.

Halafu kuna vijana wananibishia kwa video za Ulaya, "mbona Uingereza wanapewa hela?" Sawa, twende huko huko. England na Wales serikali inachangia pauni 7,500 mtu akitoa boila ya gesi akaweka pampu joto ya kupasha nyumba. Lakini anayeomba ni fundi aliyesajiliwa, sio mwenye nyumba, na hela inakatwa kwenye bei, mwenye nyumba analipa kilichobaki. Ujerumani wanachangia kuanzia asilimia 30 mpaka 70 ya gharama, na kwa nyumba ya familia moja gharama inayohesabiwa inaishia euro 30,000. Kule hela inakuja baadaye kweli, ila ombi linatangulia kabla fundi hajaanza kazi. Kwa hiyo hata huko mnakotolea mfano, anayenunua kwanza ndo akaulizie baadaye anakosa.

Na hii ya kusema ruzuku ni "hela ya bure ya wafadhili" inaniudhi zaidi. Fungua meseji yako ya LUKU uisome mpaka chini. Kuna VAT 18%, EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) 1%, REA 3%. Hiyo asilimia 3 inaenda Mfuko wa Nishati Vijijini, na kwenye mafuta nako kuna tozo yake, yaani hata bodaboda wa Ipuli akijaza lita moja kachangia. Ni hela yako, una haki ya kuuliza mgao wa wilaya yako umeuzwa wapi na kwa nani, uliza bila kuona aibu.

Sasa kwenye umeme ndo watu wanaumia kimya kimya. Aliye D1, yaani kundi la bei la wanaotumia umeme kidogo nyumbani, analipa shilingi 100 kwa uniti, na makato inafika 122, ila ni kwa uniti 75 za kwanza za mwezi. Ukizidi hapo uniti ni 350 kabla ya makato, na ukizoea kuzidi unahamishiwa T1, kundi la matumizi ya kawaida, ambako ni 292, na makato kama 356. Kwa hiyo elfu moja iliyokuwa inakupa uniti nane inakupa mbili na kitu. Hiyo D1 nayo ni ruzuku, unaweza kuipoteza kwa sababu umenunua kifaa kibovu. Jiko la koili linakula sana, lakini presha kuka ya umeme inaivisha maharage kwa chini ya uniti moja. Kwa hiyo mteja akija kwangu kitu cha kwanza namuuliza unatumia uniti ngapi kwa mwezi, wengine wananuna, wanataka niwatajie bei ya jiko tu.

Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wamehama ifikapo 2034, na mimi nautaka kwa moyo wote, nimeona miombo ya huku inavyokwisha kwa mkaa na kukaushia tumbaku. Ila nusu bei ya mtungi peke yake nina wasiwasi nayo. Mkaa unanunua kopo la leo, kesho kopo lingine. Gesi ikiisha unatakiwa uwe na hela ya mtungi mzima siku hiyo hiyo, na kujaza hakuna ruzuku. Dar kuna mita za gesi unalipia kidogo kidogo, hapo ndo ningependa ruzuku ielekezwe na huku kwetu. Nyumba nyingi ninazoingia chai na mayai vinapikwa kwenye gesi, makande na maharage yako nje kwenye mkaa, lakini kwenye takwimu hiyo nyumba imeshahesabiwa imehama. Imehama nusu.

Kama hujanunua, kaulize ofisi ya mtendaji wa kata kama mgao umefika, nenda na NIDA, na nyumbani anza kutenga hela ya kujaza gesi kuanzia siku ile ile uliyowasha.