K. R. Gowri Amma na mipaka ya uwaziri wa jimbo nchini India

Tarehe 11 Aprili 1957, siku sita tu baada ya baraza jipya la mawaziri kuapishwa, jimbo la Kerala lilitangaza amri ya kisheria iliyozuia wamiliki wa ardhi kuwafukuza wakulima wapangaji mashambani. Waziri aliyeshika suala hilo alikuwa K. R. Gowri Amma, mwanasheria mwenye umri wa miaka 37, mwanamke pekee katika serikali ya kikomunisti ya E. M. S. Namboodiripad. Alitoka katika jamii ya Ezhava, iliyobaguliwa kwa vizazi vingi chini ya mfumo wa matabaka, na alikwishafungwa jela kwa ajili ya siasa zake.

Katiba ya India imeliweka suala la ardhi mikononi mwa majimbo, na ndiyo maana wizara ya mapato, inayosimamia ardhi, ni miongoni mwa wizara nzito kabisa katika jimbo. Hata hivyo, sheria ya jimbo inayogusa umiliki wa ardhi huhitaji ridhaa ya Rais ili ipate kinga dhidi ya mashtaka ya kukiuka haki za msingi. Gowri Amma aliwasilisha muswada wake wa mageuzi ya ardhi Desemba 1957, nao ukapita katika bunge la jimbo Juni 1959. Wakati huo wamiliki wa ardhi, viongozi wa Kanisa waliochukizwa na muswada mwingine wa elimu, pamoja na chama cha Congress, walikuwa wamejaa barabarani kuipinga serikali. Tarehe 31 Julai 1959 serikali kuu ilitumia ibara ya 356 ya Katiba kuivunja serikali hiyo, ingawa ilikuwa bado na wingi wa wabunge. Muswada ulirekebishwa na serikali iliyofuata, kisha mwaka 1961 Mahakama ya Juu ikaibatilisha sehemu yake.

Chama chake kiligawanyika mwaka 1964, yeye akaenda upande mmoja na mumewe, T. V. Thomas, ambaye naye alikuwa waziri, akabaki upande wa pili. Mwaka 1967 alirudi katika wizara ileile, na Oktoba 1969 bunge likapitisha marekebisho makubwa ya sheria ya ardhi, mwezi huohuo serikali yake ilipoanguka. Utekelezaji ulianza tarehe 1 Januari 1970 chini ya serikali nyingine. Upangaji wa mashamba ulifutwa, wapangaji wakapata haki ya kumiliki ardhi waliyoilima, na mtu aliyejenga kibanda chake katika shamba la mwingine, kwa hali ambayo maskwota wa Pwani ya Kenya wanaifahamu vyema, alipata haki ya kununua kijijini sehemu ya kumi ya ekari, yaani takriban mita 400 za mraba. Kiwanja hicho ni kidogo, lakini kilimwondolea mtu hofu ya kutolewa nje siku yoyote bwana shamba atakapokasirika, na kwa maoni yangu hilo ndilo tunda kubwa kuliko yote ya kazi yake.

Mashamba makubwa ya chai, kahawa na mpira hayakuguswa na ukomo wa umiliki, yaani kiwango cha juu cha ardhi ambacho mtu aliruhusiwa kuwa nacho. Vibarua wa Kidalit, watu wa ngazi ya chini kabisa katika mfumo wa matabaka, ambao hawakuhesabiwa kuwa wapangaji, waliambulia viwanja vya nyumba tu, na Waadivasi, yaani watu wa makabila ya asili, wengi wao waliendelea kupoteza ardhi ya mababu zao. Hayo si madogo, wala hayafai kufichwa kwa sababu ya heshima tunayompa.

Baadaye alikuwa Waziri wa Viwanda kuanzia 1987, akafukuzwa chamani mwaka 1994, akaunda chama chake, JSS (Janathipathya Samrakshana Samithi), na kuanzia 2001 hadi 2006 akawa Waziri wa Kilimo katika serikali zilizoongozwa na Congress, mahasimu wake wa zamani. Alifariki Mei 2021 akiwa na umri wa miaka 101. Mwaka 1996, bunge la Kerala lilipopunguza kwa sheria haki ya Waadivasi ya kurudishiwa ardhi waliyonyang'anywa, kati ya wabunge 140 ni yeye peke yake aliyepinga.