Urejeleaji: rejea ya mabanoni na mwenzake wa orodhani

Urejeleaji ni utaratibu wa kumwonyesha msomaji ulikotoa hoja, takwimu au maneno ya mtu mwingine, kwa mpangilio ambao na yeye anaujua. Rejea huenda mbili mbili: fupi ndani ya matini, ndefu katika orodha ya marejeo mwishoni mwa kazi. Ya kwanza ikikosa ya pili, msomaji hana pa kutafuta. Ya pili ikikosa ya kwanza, msimamizi atauliza kama kweli ulikisoma kitabu hicho.

Tuchukue mtindo wa APA, yaani wa Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani, toleo la 7, lililotoka 2019. Kitabu huandikwa hivi:

p'Bitek, O. (1966). Song of Lawino. East African Publishing House.

Jina la kitabu hulazwa, yaani huandikwa kwa italiki. Nairobi, mji wa mchapishaji, haimo, maana toleo hili la APA liliondoa mahali pa uchapishaji. Ukiona mji umeandikwa, ujue mtu amenakili mwongozo wa zamani. Kwenye matini ni (p'Bitek, 1966), na ukinukuu maneno yenyewe unaongeza ukurasa. Kama nakala uliyoshika ni ile ya Heinemann ya 1984, kurasa zake si za chapa ya kwanza, kwa hiyo rejea hubeba miaka yote miwili: (p'Bitek, 1966/1984).

Wengi hujikwaa kwenye majina. Hiyo p' ni sehemu ya jina, haikatwi ikabaki Bitek. Tena kwetu Uganda watu wengi hutanguliza jina la asili na kumalizia na la dini, kama kwenye rejista ya shule. Ukishikilia kwamba jina la mwisho ndilo la kuanzia, Okello Peter anageuka Peter, O., na atakayemtafuta kwenye katalogi ya maktaba hamwoni. Angalia kazi zake nyingine zimemworodhesha vipi kabla ya kuamua.

Mwandishi akiwa taasisi, jina huandikwa zima. Ripoti kuu ya sensa ya 2014 ilitolewa na Uganda Bureau of Statistics mwaka 2016. Mara ya kwanza unaandika (Uganda Bureau of Statistics [UBOS], 2016), baadaye (UBOS, 2016). Si 2014: mwaka wa rejea ni wa kuchapishwa, wa kuhesabu watu unautaja katika sentensi yako. Hapa ndipo programu za marejeo huharibu. Ukijaza jina la taasisi kwenye nafasi ya mtu, Word au Zotero italigeuza kuwa kitu kama Statistics, U. B. of. Kwenye Word weka alama kwenye kisanduku cha mwandishi wa taasisi. Kwenye Zotero badilisha jina liwe la sehemu moja.

Anayeandika tasnifu kwa Kiswahili ana kazi ya ziada. Programu mara nyingi humwekea "et al." na "&", naye kwa mkono anaandika "na wenzake" na "na", mwishowe ukurasa mmoja una lugha mbili. Chagua "na wenzake" kwa waandishi watatu au zaidi, tangu rejea ya kwanza, kisha usafishe hadi mwisho. Majina ya vitabu yabaki katika lugha yalimochapishwa.

Mitindo mingine hutofautiana zaidi kwa sura. Vancouver, inayopendwa na watu wa tiba, hutumia namba kwa mfuatano wa kutajwa. MLA, inayotumiwa sana na watu wa lugha na fasihi, huweka jina na ukurasa bila mwaka. Idara yako ndiyo inayoamua, hivyo omba mwongozo wake kabla ya sura ya kwanza, kwa sababu kubadilisha mtindo ukiwa na marejeo 80 yaliyoandikwa kwa mkono ni kazi ya siku kadhaa.

Orodha ya APA hupangwa kwa alfabeti. Mstari wa kwanza wa kila rejea huanzia ukingoni, mistari inayofuata huingia ndani sentimita 1.27. Kwenye Word chagua aya kisha bonyeza Ctrl+T, usisukume kwa nafasi tupu, zitavurugika ukibadilisha fonti. Kabla ya kuchapa, shika orodha, tafuta kila jina kwa Ctrl+F na uhakikishe limo kwenye matini kwa mwaka uleule. Kisha geuza: pitia mabano yote, moja baada ya jingine, ukiwa na orodha pembeni.