Si Mshipa, Ni Msuli: Kuijua Shingo kwa Vidole Vyako Mwenyewe

"Mshipa wa shingo umenikaza." Kauli hiyo naisikia mara kwa mara, kwa wagonjwa, kwa majirani, hata kwa wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza kabla hawajafungua daftari. Anayeisema akiwa na maumivu sina ugomvi naye. Ila mimi nafundisha anatomia, na neno hilo moja, mshipa, tumelibebesha vitu vinne: mrija wa damu, neva, kano na msuli. Shingoni vyote vinne vimepita vimebanana, na kila kimoja kikiumia huumia kwa namna yake na hutibiwa kwa namna yake. Kwa hiyo kabla ya majina yoyote magumu, jifunze kwanza kuvitenganisha kwa kidole. Kinachodunda ni ateri, mrija wa damu itokayo moyoni. Kinachonenepa na kuwa kigumu unapofanya kazi, kisha kulainika ukipumzika, ni msuli. Kile kinachokaza mara nyingi ni hicho cha pili.

Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa takriban kilo 4.5 hadi 5, nacho kimekaa juu ya safu ya pingili 7 tu. Twiga naye anazo 7, ila zake ni ndefu. Pingili hizo peke yake haziwezi kukisimamisha. Mtazame mtu anayesinzia akiwa ameketi: kichwa kinaangukia mbele, kidevu kifuani, kisha anashtuka na kukiinua. Kinaangukia mbele kwa sababu uzito wake mwingi uko mbele ya mahali fuvu lilipoegemea, na misuli ya kisogoni, iliyokuwa ikikivuta nyuma siku nzima bila wewe kujua, imelegea kidogo. Hapo ndipo napenda somo lianzie. Ukiijua kazi ya msuli na mahali ulipojishikiza, jina litakuja lenyewe.

Sasa simama mbele ya kioo. Geuza uso kuelekea kushoto, halafu weka kiganja cha kushoto kwenye shavu la kushoto na uzuie mwendo huo huku ukiendelea kusukuma. Upande wa kulia wa shingo utatokeza utepe mnene ulioshuka kimshazari kutoka nyuma ya sikio hadi juu ya kifua. Ushike katikati, kwa kidole gumba na cha shahada. Ufuate chini, utaona unagawanyika mara mbili: tawi moja la mviringo, gumu kama kamba, linajishikiza juu ya mfupa wa kidari, pembeni tu mwa kile kishimo cha chini ya koo, tawi jingine pana limelala juu ya mtulinga. Kati ya matawi hayo kuna kibonde kidogo. Ufuate juu, utafika kwenye kinundu cha mfupa nyuma ya sikio, kinachoitwa mastoidi.

Umeushika msuli wa stenokleidomastoidi. Wanafunzi hufupisha kwa herufi tatu, SCM, na siwakatazi, maana jina hilo linatisha. Lakini lifumue kidogo. Steno ni kidari, kleido ni mtulinga, mastoidi ni kile kinundu. Jina lenyewe ni ramani: huanzia hapa na hapa, huishia pale. Majina mengi ya misuli ya shingo yamejengwa hivyo kutoka Kigiriki na Kilatini, na anayejifunza maana ya vipande kumi au kumi na viwili hupunguziwa mzigo wa kukariri maisha yake yote.

Kuna mwanafunzi mmoja simsahau. Kwenye mtihani wa mdomo alinitajia msuli huu wote: mianzo yake miwili, mwisho wake, neva yake, kazi yake. Hakukosea hata neno. Nikamwambia, "Vizuri. Sasa geuza uso kulia, uniguse ule uliofanya kazi." Akageuza uso kulia, akagusa upande wa kulia. Palikuwa laini kabisa chini ya kidole chake, akashangaa, akabonyeza tena. Msuli uliokuwa umekaza ulikuwa wa kushoto. Si yeye peke yake; hili huwapiga chenga wengi. Fikiria hivi: mwisho wa juu wa msuli uko nyuma ya sikio, wa chini uko mbele katikati ya kifua. Msuli unaposinyaa, unakivuta kile kinundu cha nyuma ya sikio kije mbele. Sikio la kushoto likija mbele, uso unakwenda wapi? Kulia. Papo hapo kichwa kinalalia bega la kushoto. Yote mawili hutendeka pamoja: kuinamia upande wake, kutazama upande wa pili. Yote hayo yamo kwenye ramani ya jina, ukiisoma kwa mwili wako badala ya macho tu.

Kabla hujautoa mkono hapo, sogeza vidole viwili mbele ya utepe huo, usawa wa kikoromeo, na ubonyeze taratibu. Utahisi mapigo. Hiyo ni ateri ya karotidi inayopeleka damu kwenye ubongo, na kando yake, ndani ya ala moja, kuna vena kubwa ya jugula na neva ya vagasi. Tafadhali bonyeza upande mmoja tu, na kwa wepesi. Ukibonyeza pande zote mbili kwa pamoja unaweza kupunguza damu inayokwenda kichwani; tena kwenye ateri hiyo kuna sehemu inayopima shinikizo la damu, na ikikandamizwa moyo unaweza kupunguza mwendo hadi mtu akazirai.

SCM ndiyo mpaka mkuu wa shingo. Madaktari hugawa kila upande wa shingo katika pembetatu mbili, ya mbele na ya nyuma, na msuli huu ndio ukuta kati yake. Ukuta wa nyuma kabisa ni trapezi, ule msuli mpana unaoanzia kisogoni ukashuka hadi katikati ya mgongo na kutandaa mpaka mabegani. Unapopandisha mabega kama mtu asiyejua jibu, ndio unaofanya kazi. Trapezi na SCM hupokea amri kutoka neva moja, ya 11 kati ya neva za ubongo, ndiyo maana daktari akitaka kuipima hukuambia pandisha mabega huku akiyakandamiza, kisha geuza uso huku akiuzuia. Neva hiyo hupita karibu sana na ngozi katika pembetatu ya nyuma. Mtoki ukiondolewa hapo kwa upasuaji bila uangalifu, neva ikaguswa, bega hulegea na mkono hushindwa kupanda vizuri juu ya kichwa. Kwa mpasuaji, kujua msuli upi umelala juu ya neva ipi ndiyo kazi yenyewe.

Juu ya vyote hivyo, chini ya ngozi tu, umelala msuli mwembamba kama kitambaa uitwao platisma. Vuta pembe za mdomo chini kwa nguvu ukionyesha meno ya chini, utaona nyuzi zake zikisimama shingoni. Uko shingoni lakini kwa asili ni msuli wa uso, na neva yake ni ileile ya uso, ya 7.

Ndani zaidi ndiko ninakopenda kukaa. Weka vidole juu ya mtulinga, nyuma ya SCM, kwenye kibonde kingine kilichopo hapo. Vuta pumzi kwa pua, ghafla na kwa nguvu. Kuna kitu kimekaza chini ya vidole vyako: hiyo ni misuli ya skaleni, mitatu kila upande, wa mbele, wa kati na wa nyuma. Inatoka kwenye mabawa ya pingili za shingo. Miwili ya kwanza inashuka hadi ubavu wa kwanza, wa tatu hadi ubavu wa pili. Kwa hiyo, japo iko shingoni, kazi yake mojawapo ni kuinua mbavu ili kifua kipate nafasi ya hewa. Mtu anayepumua kwa utulivu huwezi kuona ikifanya kazi. Ila mtu aliyebanwa na pumu utaiona, pamoja na SCM, ikisimama kama kamba kila anapovuta pumzi, na kibonde cha juu ya mtulinga kikizama ndani. Ukiona hivyo kwa mtoto au mtu mzima, usisubiri akuambie amezidiwa. Mpeleke hospitali.

Kati ya skaleni ya mbele na ya kati kuna upenyo, na humo hupita fungu lote la neva za mkono pamoja na ateri kubwa iendayo mkononi. Vena yake hupita mbele ya skaleni ya mbele, na juu ya uso wa msuli huohuo huteremka neva ya freniki, ile inayoendesha dayaframu, kiwambo kikuu cha kupumulia. Msuli mmoja mwembamba kuliko kidole, na uhai wa mkono na wa pumzi umepangwa mbele na nyuma yake. Upenyo ule ukibana, mtu hulalamikia ganzi mkononi, mara nyingi upande wa kidole kidogo, na chanzo kiko shingoni. Kumkanda mkono hakutamsaidia.

Misuli ya mbele, karibu na koo, niipitie haraka. Yote imezunguka mfupa wa haioidi, mfupa mdogo wenye umbo la kwato uliofichwa juu ya kikoromeo, usiounganika kwa kiungio na mfupa mwingine wowote. Umening'inizwa kwa misuli: minne juu yake, minne chini yake kila upande. Gusa kikoromeo na umeze mate. Kinapanda, kisha kinashuka. Ya juu imeuinua, ya chini imeurudisha. Wa kukumbukwa zaidi ni digastriki, maana yake wenye matumbo mawili. Tumbo la mbele linapokea neva ya 5, la nyuma neva ya 7, kwa sababu matumbo hayo yalianza sehemu mbili tofauti za kiinitete kabla ya kuunganishwa na kano moja.

Nyuma, chini ya trapezi, kuna tabaka juu ya tabaka. Splenio imezungushwa kama bendeji, na ndiyo maana ya jina lake. Kiinua kombe hutoka kwenye pingili 4 za juu hadi kona ya ndani ya kombe la bega, na mara nyingi ndicho kinachokuzuia kugeuka asubuhi ukilala vibaya. Mwisho kabisa, chini ya fuvu, kuna misuli midogo minne kila upande. Weka vidole gumba hapo, funga macho, tuliza kichwa, kisha peleka macho kushoto na kulia. Wengi huhisi mpapatiko mdogo. Misuli hiyo imejaa vihisio vya kuuarifu ubongo kichwa kimeelekea wapi, na inafanya kazi bega kwa bega na macho.

Anayejifunza aichore kwa tabaka, jinsi mwanaanatomia Andreas Vesalius alivyofanya katika kitabu chake cha mwaka 1543, ambamo mwili umesimama ukivuliwa misuli ukurasa baada ya ukurasa. Chora mifupa kwanza. Ongeza skaleni, kisha SCM, kisha trapezi. Usianze na picha iliyokamilika, hutaona kilichofichwa.

Shingo iliyokaza kwa kulala vibaya, au kwa kuinamia simu saa nyingi, kwa kawaida hutulia ndani ya siku chache kwa joto la kitambaa na kujongea taratibu. Usimruhusu mtu akuvunje shingo kwa kuipindua ghafla. Na shingo ikikaza pamoja na homa na kichwa kuuma sana, au ikiuma baada ya ajali au kuanguka, au mikono na miguu ikipoteza nguvu, hapo si suala la msuli tena. Nenda hospitali siku hiyohiyo, na aliyeanguka asijongezwe shingo mpaka wenye ujuzi wafike.

Mama mmoja aliwahi kuniletea mtoto wa wiki sita. Kichwa kimelalia kulia, kidevu kimeelekea kushoto, na shingoni upande wa kulia kuna kivimbe kigumu kama harage. Alikuwa halali, akidhani ni saratani. Nilimwomba ageuze uso wake mwenyewe kushoto na kuulaza kulia, ashike kilichokaza. Akashika SCM yake, kisha akagusa ya mwanawe, akaelewa kabla sijasema: msuli wa mtoto ulikuwa umefupika. Daktari wa watoto alithibitisha. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo akamfundisha kuunyoosha msuli huo kwa upole mara kadhaa kwa siku, uso uende kulia na kichwa kilale kushoto, na kila mtoto akiwa macho akae upande wake wa kulia na kumwita. Mara ya mwisho nilipowaona, mama alikaa kulia kwangu, mtoto mapajani mwangu. Alipomwita, kidevu kilizunguka chote hadi begani.