Kapu la mama lishe katika ukumbi wa mhadhara

Katika mhadhara wa wazi wa kwanza niliokabidhiwa kuuandaa, hapa Dodoma katika chuo kikuu ninachofundisha, nilieleza kwa dakika 40 namna mfumuko wa bei ulivyokuwa ukishuka nchini. Ulipofika wakati wa maswali, mzee mmoja mkulima kutoka upande wa Bahi alisimama, akausalimu ukumbi kwa "Mbukwenyi", akaitikiwa, kisha akasema: "Mwalimu, umetuambia bei zimeshuka. Mimi jana nimenunua mafuta ya kula, bei ni ile ile ya juu. Naomba unitajie hilo duka." Watu walicheka, lakini mzee alikuwa ameuliza kwa dhati na alikuwa anasubiri jibu. Mimi sikuwa nimesema kwamba bei zimeshuka. Nilisema mfumuko wa bei, yaani kasi ya bei kupanda, umeshuka, na katika zile dakika 40 sikutenga hata mbili za kutofautisha mambo hayo mawili, kwa hiyo karibu ukumbi mzima ulikuwa umebeba tafsiri ya yule mzee.

Tangu siku hiyo nimeandaa mihadhara na warsha nyingi kuhusu sera za uchumi, na msimamo wangu umekuwa mmoja: mhadhara peke yake ni nusu ya kazi. Mhadhara hufungua jambo, humpa msikilizaji picha kubwa na majina ya vitu, lakini sera ya uchumi imejengwa juu ya hesabu, na hesabu haimwingii mtu mpaka aifanye kwa mkono wake, kwa namba anazozitambua. Kwa sababu hiyo sikubali tena kuandaa mhadhara wa jioni ambao haufuatwi na warsha asubuhi ya siku inayofuata, hata kama warsha hiyo itakuwa na watu 30 tu kati ya 300 waliohudhuria mhadhara.

Nieleze kwa mfano wa mfumuko wa bei wenyewe. Ofisi ya Taifa ya Takwimu, ambayo makao yake makuu yako hapa hapa Dodoma, hukusanya bei za bidhaa na huduma kila mwezi na kuziunganisha katika namba moja inayoitwa Fahirisi ya Bei za Walaji. Mwaka wa kizio kwa sasa ni 2020, maana yake kapu la bidhaa lililogharimu 100 mwaka huo ndilo linalopimwa limefikia ngapi leo. Tuchukue namba za kubuni: fahirisi ilikuwa 105 mwaka juzi, ikawa 110 mwaka jana, na mwaka huu ni 113.3. Kutoka 105 hadi 110 ni ongezeko la asilimia 4.8, na kutoka 110 hadi 113.3 ni ongezeko la asilimia 3. Mfumuko wa bei umeshuka kutoka 4.8 hadi 3, ilhali bei zenyewe zimepanda miaka yote miwili. Ni kama basi linalopanda mlima: dereva amepunguza mwendo, lakini basi bado linapanda. Nilipomwandalia yule mzee hesabu hii kwenye bango kitita asubuhi iliyofuata, aliifuata mstari kwa mstari, akaniomba kalamu rashasha, akapiga mstari mzito chini ya 113.3, akasema: "Kumbe hatujarudi chini hata siku moja."

Hapo ndipo warsha ilipoanza kwa kweli, kwa sababu mama mmoja anayeuza chakula karibu na soko la Majengo aliuliza jambo zito zaidi. Alitaka kujua kwa nini hata hiyo asilimia 3 haifanani na anayoyaona yeye. Badala ya kumjibu kwa maneno, tulimpa karatasi, akaandika matumizi ya nyumba yake kwa mwezi: unga, mchele, maharage, mafuta, mkaa, kodi ya chumba, nauli, ada, vocha. Alipojumlisha, chakula pekee kilikuwa kama asilimia 60 ya matumizi yote. Katika kapu la taifa, kundi la vyakula na vinywaji baridi lina uzito wa takriban asilimia 28, kwa kuwa kapu hilo linawajumlisha watu wa kila aina, pamoja na wenye kipato kikubwa ambao sehemu kubwa ya fedha zao huenda kwenye usafiri, mawasiliano na makazi. Tukafanya hesabu mbili kwa pamoja. Chakula kikipanda kwa asilimia 8 na vitu vingine vyote kwa asilimia 1, kapu la taifa linatoa mfumuko wa karibu asilimia 3, yaani 0.28 mara 8 ukijumlisha na 0.72 mara 1. Kapu la mama yule linatoa 0.6 mara 8 ukijumlisha na 0.4 mara 1, ambayo ni asilimia 5.2. Takwimu rasmi haikumdanganya, na yeye naye hakukosea, kwani kila mmoja alikuwa anapima kapu lake.

Nimekaa kwenye mfano huu kwa sababu ninaona unabeba jambo ambalo mihadhara mingi hulipita. Mtu akiondoka ukumbini akiamini kwamba takwimu za serikali ni uongo mtupu, chuo kimemdhuru. Akiondoka akiamini kwamba anayoyaona sokoni ni dhana yake tu, chuo kimemdhuru vile vile. Ile karatasi ya matumizi, ambayo sasa tunaitumia katika kila warsha, humwonyesha kwa nini wastani wa nchi na hali ya nyumba moja vinaweza kutofautiana bila mtu yeyote kusema uongo, na humpa swali bora la kumuuliza mbunge wake: si "kwa nini mnatudanganya", bali "ni hatua gani za bajeti zinazogusa bei ya chakula".

Mkanganyiko wa aina hiyo hiyo ulijitokeza mwaka 2024. Mwezi Januari mwaka huo Benki Kuu ya Tanzania ilianza kutumia riba kama chombo kikuu cha kuendesha sera ya fedha, ikatangaza Riba ya Benki Kuu ya asilimia 5.5, na mwezi Aprili ikaipandisha hadi asilimia 6. Watu wengi, wakiwemo wahitimu, waliposikia 5.5 walidhani ndiyo riba watakayopewa wakienda kukopa, wakati riba za mikopo ya benki za biashara zilikuwa karibu asilimia 15. Mhadhara wa saa moja unaweza kueleza kwamba riba ile huongoza kwanza soko la benki kukopeshana zenyewe kwa zenyewe, na kwamba athari yake humfikia mkopaji taratibu na kwa kupungua nguvu. Hilo tulilieleza na likaeleweka bila shida kubwa.

Sera iliyotupa kazi, na iliyonipa furaha kubwa ya ualimu, ni ushuru wa mafuta ya kula. Hapa kanda ya kati jambo hili halihitaji utangulizi, maana Dodoma na Singida ndiyo kitovu cha alizeti, na karibu kila ukoo una mtu anayelima, anayekamua au anayeuza mashudu kwa wafugaji. Bajeti ya mwaka 2018/19 ilipandisha ushuru wa forodha hadi asilimia 25 kwa mafuta ghafi na asilimia 35 kwa yaliyosafishwa, kwa lengo la kulinda mkulima na viwanda vya ndani. Tuliwagawa washiriki katika meza nne: wakulima wa alizeti, wenye mashine za kukamua, mama lishe na wauza chipsi, na meza ya nne ya wanafunzi wa uchumi waliocheza nafasi ya Hazina. Kila meza ilipewa hesabu moja: shehena ya mafuta yaliyosafishwa imefika bandarini ikiwa na thamani ya shilingi 1,000,000, je, itatoka bandarini kwa bei gani?

Tukiacha tozo nyingine ndogo ndogo, ushuru wa asilimia 35 ni shilingi 350,000. Kisha Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18 haitozwi kwenye ile 1,000,000 bali kwenye 1,350,000, nayo inakuwa 243,000, na jumla inafika 1,593,000. Kama ushuru ungekuwa asilimia 25, jumla ingekuwa 1,475,000. Tofauti ni 118,000, na hiyo 18,000 iliyo juu ya tofauti ya ushuru ya 100,000 ndiyo iliyozua mjadala, kwa sababu hakuna meza iliyokuwa inajua kwamba kodi moja inatozwa juu ya nyingine. Mama lishe walihesabu nyongeza hiyo katika kila dumu la lita 20. Wakulima wakajibu kwamba bila ulinzi huo bei ya gunia la alizeti huanguka, na mwaka unaofuata mtu hapandi. Mwenye mashine akasema maneno niliyoyaandika kwenye daftari langu: kwake yeye ushuru ni nusu ya habari, maana mashine yake hukaa bila kazi miezi mingi ya mwaka kwa kukosa mbegu ya kukamua, na ushuru haupandi alizeti.

Vijana wa meza ya Hazina ndio waliopata shida kuliko wote. Walikuwa wamekuja na jibu la kitabuni, kwamba ushuru wa kulinda viwanda humuumiza mlaji na kupunguza ufanisi, na jibu hilo lina ukweli wake. Walipoulizwa mapato ya serikali yatakuwaje, mkulima wa Iramba atakula nini msimu ujao, na ulinzi huo utaondolewa lini, walitambua kwamba mtunga sera hachagui kati ya jema na baya, anagawa maumivu na manufaa kati ya watu anaowafahamu. Mwanafunzi mmoja alibadilisha mada ya utafiti wake wa shahada baada ya asubuhi ile. Mimi naona hiyo ni faida ya warsha ambayo haimo katika ripoti zetu: tunadhani tunawafundisha wananchi, kumbe wanafunzi wetu ndio wanaofundishwa.

Utamaduni huu si mgeni nchini. Miaka ya 1980, uchumi ulipokuwa katika hali ngumu, wanauchumi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walijadili hadharani masuala mazito kama thamani ya shilingi na bei za mazao, miaka michache kabla ya Mpango wa Kufufua Uchumi wa mwaka 1986. Mijadala ile ilikuwa mikali, lakini kwa sehemu kubwa ilikuwa ya wataalamu na maofisa. Dodoma ina nafasi ya kuipanua, kwa kuwa Bunge, wizara, Ofisi ya Taifa ya Takwimu, Chuo cha Mipango ya Maendeleo Vijijini na Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, vyote viko ndani ya jiji moja. Ofisa anayeandaa makadirio na mkulima anayeathiriwa nayo wanaweza kukaa ukumbi mmoja bila yeyote kati yao kulala safarini.

Ukaribu huo, hata hivyo, hauna maana kama tarehe imekosewa, na hapa nalaumu sana mazoea ya vyuo vyetu. Mihadhara mingi ya bajeti hupangwa mwishoni mwa Juni, baada ya hotuba ya Waziri wa Fedha, ambapo kilichobaki ni kuchambua yaliyokwisha kuamuliwa. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Bunge hujadili mapendekezo ya mpango wa maendeleo mwezi Novemba, na kuanzia Aprili linapitia makadirio ya wizara moja baada ya nyingine. Kwa upande wa ushuru wa forodha mambo huenda mapema zaidi kuliko wengi wanavyodhani, kwa sababu viwango hivyo ni vya pamoja katika Jumuiya ya Afrika Mashariki: tangu Julai 2022 kuna madaraja manne ya asilimia 0, 10, 25 na 35, na nchi inayotaka kiwango tofauti hulazimika kukubaliana na wenzake katika kikao cha mawaziri wa fedha kabla ya bajeti kusomwa. Mkulima wa alizeti anayefika Dodoma katikati ya Juni kuomba ushuru ubadilishwe amefika baada ya mlango kufungwa. Kilichobaki wazi wakati huo ni Muswada wa Sheria ya Fedha, ambao Kamati ya Bajeti hualika wadau kuutolea maoni, na hapo hoja yenye hesabu ya ukurasa mmoja husikilizwa kuliko malalamiko ya kurasa kumi.

Kwa hiyo sasa tunaanza Oktoba. Tunaalika kwa barua inayopitia kwa watendaji wa kata na viongozi wa masoko, tunaongea Kiswahili kuanzia mwanzo hadi mwisho, na mtoa mada anayetaka kuonyesha vielelezo vya Kiingereza tunakaa naye siku mbili kabla ili kuvitafsiri. Jambo hilo lilitugharimu wasemaji wawili wakubwa, na sijutii. Nauli tunarudisha kwa anayetoka mbali. Posho ya kukaa hatutoi, na idadi ya wanaokuja haijapungua.

Mhadhara wa Oktoba hii utahusu bei ya mahindi, na warsha yake tumeomba ifanyike nje ya chuo, kwenye soko la Kibaigwa, siku ya kawaida ya biashara, malori yakiwa yanapakia. Mama wa Majengo amekubali kuongoza zoezi la kapu. Ameomba apewe mizani, ile ya saa, kwa sababu anataka kuanza kwa kupima sado.