Anayemuumiza mtoto mara nyingi si mtu baki

Huku Ngamiani, Tanga, tumekua tukiambiwa jihadhari na mgeni, yule mtu baki mwenye gari na pipi. Jamani, wengi wanaowafanyia watoto mchezo mchafu wanajulikana nyumbani kabisa, mjomba, jirani, mwalimu wa tuisheni, bodaboda wa kila asubuhi, na utafiti wa kitaifa wa Tanzania wa 2009 ulikuta karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya miaka 18 (ndio, na wavulana). Kwa hiyo mtoto akigoma kupakatwa na mtu usimlazimishe eti adabu, muulize taratibu mkiwa mnamenya mihogo, msikilize, usimfokee. Akikwambia kitu piga 116, simu ya msaada kwa watoto, ni bure, au nenda dawati la jinsia na watoto pale polisi, na usimwogeshe wala kufua nguo zake kabla daktari hajamwona.